Tujifunze kwa Marehemu Shaaban Robert: Kalamu ni Amana



Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu wanafunzi na wazazi wapendwa, katika jarida letu tumezoea kusoma habari za Masahaba, za Maimamu wanne na za masheikh waliotutangulia. Safari hii tumeona tulete somo la mtu ambaye hakuwa sheikh wala kadhi. Alikuwa karani wa serikali, Mwislamu, mume na baba wa watoto, aliyetunga hadithi, insha na mashairi mpaka jina lake likajulikana Afrika ya Mashariki nzima. Naye ni marehemu Shaaban Robert.

KWA NINI TUMELETA SOMO HILI

Kwanza tuseme ukweli juu yetu wenyewe, maana mwalimu anayewataka wanafunzi wakiri makosa yao hana budi kuanza na yake.

Siku moja ya baridi ya Juni, tukiwa katika somo la Fiqhi, tulimkuta binti mmoja wa miaka kumi na miwili ameinamia daftari lake na hasikilizi. Tulipolichukua tukaona kwamba mbele ameandika nguzo za udhu, lakini nyuma amejaza kurasa kadhaa za hadithi aliyoitunga mwenyewe. Tulikasirika. Tulimwambia mbele ya wenzake kwamba daftari la dini si mahali pa kuandikia uongo. Tukazichana kurasa zile na kuzitia katika jiko la mkaa tulilokuwa tumechemshia chai.

Nusu ya ukurasa mmoja ilianguka chini, nasi tuliiona baada ya wanafunzi kuondoka. Ilikuwa inamhusu bibi yake aliyekwisha kufa, jinsi alivyokuwa akimwamsha alfajiri katika ukungu wa Rungwe, akimpashia maji ya udhu kwanza na maji ya chai baadaye. Hapakuwa na neno baya hata moja. Kwa kweli palikuwa na somo la Fiqhi lililo bora kuliko lile tulilokuwa tukilisomesha.

Binti yule aliendelea kuja madrasa, lakini hatukumwona tena akiandika chochote kisichokuwa ubaoni. Ndipo tukaanza kujiuliza: Je, kutunga hadithi ni kosa katika dini? Na kama si kosa, sisi tulioichoma tumefanya nini? Katika kutafuta jawabu tulirudi kwenye vitabu vya Shaaban Robert, ambavyo wengi wetu tulivisoma shuleni kwa ajili ya mtihani tu.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Wanafunzi wengine wakilisikia jina la Robert hudhani kwamba alikuwa Mkristo. La, hakuwa Mkristo. Alikuwa Mwislamu, na maandishi yake yamejaa kumtaja Mungu, dua, subira na shukrani.

Jambo la pili la kukumbukwa, hasa kwetu tunaoishi Mbeya na Iringa, ni kwamba asili ya wazee wake ilikuwa ya Kiyao, kabila la kusini, ingawa yeye alizaliwa na kukulia pwani na akajihesabu kuwa Mswahili. Mara nyingi tunawasikia wanafunzi wetu wakisema, "Mwalimu, Kiswahili kizuri ni cha watu wa Tanga na Unguja, sisi Wanyakyusa, Wahehe, Wabena na Wasafwa tunabahatisha tu." Hayo si kweli. Huyu tunayemwita mfalme wa lugha alikuwa na asili ya bara kama sisi. Lugha ni ya anayejitahidi kuitunza.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, akapata cheti cha kumaliza shule, akiwa wa pili miongoni mwa wanafunzi kumi na mmoja. Hakusoma chuo kikuu, wala zama zile hapakuwa na chuo kikuu hapa Tanganyika. Yaliyobaki alijisomesha mwenyewe kwa kusoma vitabu na kuuliza watu.

KAZI YA OFISI NA KAZI YA KALAMU

Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa karani wa forodha huko Pangani, akatumikia forodha mpaka mwaka 1944. Baadaye alihamishiwa idara ya wanyamapori, kisha mwaka 1946 akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya, na kuanzia mwaka 1952 hadi 1960 alikuwa katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Hiyo ni miaka zaidi ya thelathini ya kuandika hesabu na barua za serikali ya kikoloni, ambayo mshahara wa karani Mwafrika ulikuwa mdogo na madaraka yake madogo zaidi.

Lakini tazameni alichokitoa katika saa zilizobaki baada ya kazi. Mwaka 1949 kilitoka kitabu cha habari zake mwenyewe, Maisha Yangu. Mwaka 1951 kikatoka Kusadikika, na mwaka 1952 kikatoka Adili na Nduguze. Aliandika habari za maisha ya mwimbaji wa Unguja, Siti binti Saad, mwanamke aliyetoka katika umaskini na ambaye wengi walimdharau kabla ya kumsikiliza. Alizifasiri rubaiyat za Omar Khayyam kwa Kiswahili. Alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo elfu tatu, juu ya Vita vya Pili vya Dunia. Alikuwa pia mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, akapewa tuzo ya kumbukumbu ya Margaret Wrong na nishani ya M.B.E. ya serikali ya Uingereza.

Alifariki dunia Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, miezi sita tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Vitabu vyake vingine havikuwa vimechapishwa wakati huo. Kufikirika kilitoka mwaka 1967, na Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vikatoka mwaka 1968. Yaani mtu amekwisha kuzikwa, na sauti yake ndiyo kwanza inawafikia watu. Tutalirudia jambo hili mbele.

BABA AWAANDIKIA WATOTO WAKE

Mkewe Amina alifariki mapema, akamwachia watoto. Msiba ule aliutungia shairi ambalo mpaka leo husomwa mashuleni. Kisha akafanya jambo ambalo tungependa kila mzazi anayesoma jarida hili alitafakari. Alimtungia binti yake, Mwanjaa, utenzi wa nasaha uitwao Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume, Suleiman, akamtungia Utenzi wa Adili.

Katika tenzi hizo anawausia watoto wake kumcha Mungu, kuwatii wazazi, kuwa na adabu, kujifunza kazi, kujiepusha na uvivu na usengenyaji. Ni yale yale ambayo Luqman alimwusia mwanawe katika Qur'an: asimshirikishe Mwenyezi Mungu, asimamishe Swala, avumilie, asitembee kwa maringo na apunguze sauti yake.

Karani yule hakuwa na mashamba makubwa wala nyumba za kupangisha za kuwaachia wanawe, akawaachia maneno. Urithi ule ukawatosha watoto wake, ukabaki, ukawafikia na watoto wa Tukuyu na Mafinga.

KISA CHA ADILI NA NDUGUZE

Sasa tuangalie hadithi yake moja kwa kituo. Adili na Nduguze ni kitabu chembamba, mwanafunzi mzuri hukimaliza kwa siku mbili.

Mfalme Rai wa nchi ya Ughaibu anamtuma waziri wake, Ikibali, kwenda Janibu kuchukua kodi kwa liwali anayeitwa Adili. Adili ni mtu mpole, mkarimu na mwaminifu. Lakini usiku Ikibali anaona jambo la ajabu: Adili anawapiga manyani wawili kwa mjeledi, halafu analia, anawabembeleza na kuwapa chakula kizuri. Habari zinamfikia mfalme, naye anamwita Adili ajieleze.

Hapo Adili anafunua siri. Manyani wale ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Baba yao alipofariki waligawana urithi. Wale wawili wakasafiri kufanya biashara, wakaupoteza wote. Adili akawapokea, akawagawia mali yake bila kuwasimanga. Baadaye walisafiri pamoja baharini. Njiani Adili aliingia katika mji ambao watu wake walikuwa wamegeuka mawe, akamkuta binti mmoja tu aliye hai, Mwelekevu. Nduguze walipomwona binti na mali alizokuja nazo, wivu ukawapanda, wakamtupa Adili baharini. Aliyemwokoa alikuwa Huria, binti wa mfalme wa majini, kwa sababu siku moja kabla ya hapo Adili alikuwa amemwokoa Huria na adui yake bila kumjua ni nani. Huria ndiye aliyewageuza nduguze kuwa manyani, na akamwamuru Adili awapige kila usiku, akiacha ataadhibiwa yeye.

Mwisho wake, Mfalme Rai anawaombea, nao wanarudishiwa ubinadamu wao wakiwa wametubu.

Wanaojua hadithi za Alfu Lela Ulela watatambua kwamba kisa hiki kinafanana na kile cha Abdullah bin Fadil, liwali wa Basra wakati wa Khalifa Harun Rashid. Shaaban Robert alikichukua kisa kile cha zamani, lakini angalieni alivyokibadilisha. Katika kisa cha kale ndugu wale wanarudia ubaya wao hata baada ya kusamehewa, na mwisho wao ni kuuawa. Shaaban Robert amewafungulia mlango wa toba. Sisi tunaona hapa ndipo moyo wa mwandishi unapoonekana, kwamba hakupenda hadithi yake iishie katika mti wa kunyongea, akataka iishie katika msamaha.

Wanafunzi wa lugha ya Kiarabu, yatazameni pia majina. Adili linatokana na uadilifu, neno mnalolijua. Hasidi ni yule yule tunayeomba kukingwa na shari yake katika Suratul Falaq. Ughaibu linatokana na ghaibu, yaliyofichika. Lakini Mwivu ni neno letu la Kibantu, kutoka wivu. Ndugu wawili wenye ugonjwa mmoja, mmoja ana jina la Kiarabu na mwenziwe jina la Kibantu. Ni kama mwandishi anatuambia kwamba maradhi ya husuda hayana kabila. Yapo Basra, yapo Tanga, na tukijichunguza yapo hata hapa kwetu, tunapogawana mashamba ya marehemu baba na ndugu wakaacha kusalimiana.

Na manyani wale tuwaelewe vipi? Mwandishi anatuonyesha kwa macho kile ambacho husuda inamfanyia mtu kwa ndani. Na Adili anayelia huku anapiga ni kila mtu anayelazimika kumwadhibu ampendaye. Wazazi na walimu tunalijua jambo hilo. Lakini tujiulize, je, sisi tunapoadhibu huwa tunalia kama Adili, au huwa tunaona raha?

KISA CHA KARAMA

Kwa ufupi tutaje na Kusadikika. Hii ni nchi ya kubuni iliyo hewani, ambako kijana Karama anashitakiwa na waziri aitwaye Majivuno kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu sheria. Karama anajitetea mbele ya mfalme kwa siku sita, na utetezi wake ni wa hadithi. Kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa nje ya nchi kutafuta mema, akarudi nayo, akatiwa gerezani. Wajumbe wenyewe ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Mwishoni mfalme anatambua dhuluma, Karama anaachiwa huru na wajumbe wanafunguliwa.

Kumbukeni kitabu hiki kilitoka mwaka 1951, miaka kumi kabla ya uhuru, na mwandishi wake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Angeandika wazi kwamba watawala wanawaonea watu na hawataki kusikia ushauri, kitabu kisingechapishwa na yeye angeweza kupoteza kazi. Akaiweka haki katika vazi la hadithi, ikapita mlangoni bila kuzuiwa, na wenye masikio wakasikia.

JE, KUTUNGA HADITHI NI KUSEMA UONGO?

Tumefika kwenye swali letu. Tulipowaeleza baadhi ya wazazi nia ya kuandika somo hili, mzee mmoja alitukumbusha, kwa adabu na kwa haki, kwamba Mtume (S.A.W.) amemwonya mtu anayesema uongo ili awachekeshe watu. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Sisi si mamufti, bali ni walimu wenye elimu ndogo, lakini tutaeleza tulichokisoma.

Kwanza, Qur'an yenyewe inafundisha kwa visa. Suratu Yusuf inataja mwanzoni kwamba Mtume anasimuliwa kisa kilicho bora. Mtume (S.A.W.) naye aliwasimulia Masahaba habari za watu watatu waliofungiwa pangoni na za mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu. Hivyo ni visa vya kweli, navyo havilingani na hadithi yoyote ya kubuni. Lakini vinatuonyesha kwamba moyo wa mwanadamu umeumbwa kupokea mafunzo kwa njia ya kisa.

Pili, katika Suratu Sad tunasoma habari za wagombanao wawili waliomwingilia Nabii Daud (A.S.) katika mihrabu. Mmoja alilalamika kwamba nduguye ana kondoo tisini na tisa na bado anamtaka kondoo wake mmoja. Wafasiri wengi wamesema kwamba wale walikuwa malaika, na mashitaka yao yalikuwa mfano wa kumfanya Daud azinduke. Alizinduka, akaanguka kusujudu, akaomba msamaha. Mfano haukuwa uongo, kwa kuwa haukukusudia kumdanganya mtu ila kumwonyesha haki.

Tatu, Waislamu waliotutangulia walisoma na kuandika hadithi za kubuni. Katika karne ya nane ya miladi Ibn al-Muqaffa aliandika kwa Kiarabu kitabu cha Kalila na Dimna, chenye asili ya Bara Hindi, ambamo simba, ng'ombe na mbweha wanazungumza. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, aliandika Maqamat, visa hamsini vya Abu Zayd mjanja wa maneno, na wanafunzi wa Kiarabu waliendelea kukisoma kwa karne nyingi. Hakuna msomaji aliyedhani kwamba mbweha amesema kweli, kwa hiyo hakuna aliyedanganywa.

Tofauti basi iko hapa. Mwongo anataka umwamini ili akupoteze. Mtunzi anakuambia tangu mwanzo kwamba hii ni hadithi, nawe unaitikia, kama walivyokuwa wakiitikia watoto mbele ya bibi. Hata hivyo mtunzi Mwislamu ana mipaka yake:

1. Asimzulie uongo Mwenyezi Mungu wala Mtume wake. Anayemzulia Mtume kwa makusudi ameahidiwa makazi ya Motoni, na hapa hakuna mchezo.
2. Asieneze uchafu wala kuupamba uovu mpaka ukatamaniwa.
3. Asimvunjie mtu heshima kwa kumsengenya ndani ya hadithi.
4. Isimshughulishe akaacha Swala, masomo na kazi za nyumbani.

Kwa mizani hiyo binti yetu alikuwa na kosa moja tu, la kuandika wakati wa somo. Kosa hilo lilistahili kuonywa, lakini halikustahili moto.

NDUGU ALIYETUNZA BARUA

Tulisema tutarudi kwenye habari ya sauti inayowafikia watu baada ya mwenyewe kuzikwa. Shaaban Robert alikuwa na ndugu yake, Yusuf Ulenge, ambaye naye aliandika hadithi. Kuanzia mwaka 1931 hadi 1958 Shaaban alimwandikia nduguye huyo barua, akimweleza habari za familia, za kazi, za vitabu na shida za kuvichapisha. Barua zile zilitunzwa. Mwaka 2002 zilichapishwa kuwa kitabu, Barua za Shaaban Robert 1931-1958, zikiwa zimehaririwa na Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndiyo maana leo tunaweza kumjua mtu huyu si kwa sifa tu, bali kwa shida zake za kila siku.

Fikirini juu ya barua ya mwaka 1931. Ni karatasi nyepesi. Mchwa wanaweza kuila, mvua inaweza kuilowesha, mtoto anaweza kuifungia karanga, mwalimu mwenye hasira anaweza kuitia jikoni. Ikaishi zaidi ya miaka sabini kwa sababu kulikuwa na watu walioiona kuwa ni amana. Katika kitabu cha Adili tumesoma habari za ndugu waliomtupa ndugu yao baharini. Katika maisha yake mwenyewe, Mwenyezi Mungu alimjaalia Shaaban Robert ndugu aliyehifadhi hata karatasi zake.

Hapa ndipo tulipoelewa kwamba amana ya kalamu ina pande mbili. Anayeandika ana amana ya kuandika haki. Anayepokea maandishi, awe ndugu, mzazi au mwalimu, ana amana ya kuyatunza. Sisi upande wetu tuliuvunja.

Tulimwita binti yule, na mbele ya darasa lile lile lililoona tukichana tukamwomba msamaha. Tukamrudishia ile nusu ya ukurasa, tukamwambia aimalizie. Alitusamehe kwa adabu, akasema kwamba mengine ameyasahau. Hatukuwa na la kumjibu. Bibi yake amekwisha kufa, na yale aliyoyakumbuka juu yake siku ile sisi ndio tulioyachoma. Tunayaandika haya ili mzazi au mwalimu mwingine asije akafanya kama sisi.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Katika maisha ya marehemu tunapata mafunzo mengi. Tuyataje machache:

1. Elimu haiishii kwenye cheti. Shaaban Robert alisoma miaka michache, akajiendeleza maisha yake yote.
2. Kazi ndogo si kizuizi. Karani wa forodha alipata wakati wa kuandika vitabu. Sisi wenye kisingizio cha kukosa nafasi tujihesabu.
3. Wasia mwema ni urithi. Mzazi asiye na mali anaweza kuwaachia wanawe maneno yatakayowaongoza.
4. Mlango wa toba usifungwe, wala kwa ndugu zetu, wala katika hadithi zetu.
5. Kiswahili ni chetu sote. Mtoto wa Iringa na Mbeya asione haya kukiandika.

ZOEZI

Wanafunzi wa darasa la nne na kuendelea wajibu maswali haya katika daftari maalumu. Safari hii daftari hilo ni la hadithi tangu mbele hadi nyuma, na hakuna mwalimu atakayelichana.

1. Shaaban Robert alizaliwa wapi na mwaka gani? Taja vitabu vyake vitatu na miaka vilipotoka.
2. Eleza kwa nini Hasidi na Mwivu waligeuzwa manyani. Je, wewe ungekuwa Adili ungewasamehe? Toa sababu.
3. Taja majina matatu ya watu katika Kusadikika yenye asili ya Kiarabu na ueleze maana zake.
4. Kuna tofauti gani kati ya mwongo na mtunzi wa hadithi?
5. Mwombe babu, bibi au mzee wa mtaani kwako akusimulie jambo aliloliona au alilosimuliwa na wazee wake. Walioko Iringa wanaweza kuuliza habari za Mtwa Mkwawa, aliyefariki mwaka 1898, na jinsi fuvu la kichwa chake lilivyorudishwa Kalenga mwaka 1954. Walioko Mbeya wanaweza kuuliza habari za dhahabu ya Lupa, au za ujenzi wa reli ya TAZARA miaka ya 1970 hadi 1975. Anayependa aulize tu jinsi bibi yake alivyofundishwa kuswali. Kisha andika kurasa mbili. Yaliyo ya kweli yaandike kuwa kweli, na uliyoyabuni useme kwamba ni ya kubuni.

Wazazi, tunawaomba msaada wenu katika swali la tano. Mtoto akija na daftari wakati wa kupika, msimfukuze. Wazee wetu wanaondoka mmoja mmoja, na yale wasiyoyaeleza huzikwa nao.

Kwa kumalizia, tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) amrehemu Shaaban Robert, amsamehe makosa yake na ayafanye maandishi yake kuwa elimu yenye kunufaisha, ambayo thawabu zake hazikatiki kwa kifo. Atusamehe na sisi walimu kwa yale tuliyowakatisha tamaa wanafunzi wetu, na awajaalie vijana wetu kalamu za haki. Amin.

Wabillahi tawfiq.